Zamda Kaolewa Bila Posa

Jumamosi, 5 Januari 2008. Kawangware.
Chai ya rangi, mkate wa juzi. Saa kumi nikawasomea tena majirani hadithi kwa Mama Nekesa, muuza makaa. Tulikuwa kumi na mmoja, makabila mchanganyiko, mlango umefungwa. Hadithi za Zamda, fundi cherehani anayefichua wezi wa mtaa, zimetuishia. Mtunzi ni Bakari wa mtaa wa Makina. Huzipiga taipu na kuuza nakala Soko la Toi. Tangu matokeo ya kura yazue ghasia hakupitiki. Nakala mpya haiji.

Jumatatu, 7 Januari.
Hadithi mpya nimeitunga mwenyewe. Nimemchukua Zamda wa Bakari nikamwoza kondakta kutoka Kitui. Kurasa kumi na nne. Sijafurahi hivi tangu nifukuzwe shambani kwangu, miaka kumi na tano sasa.

Jumatano, 9 Januari.
Milio ya risasi. Nikapaza sauti, nikaendelea kusoma.
Harusi ilihitaji mvua, na mvua niliyoiandika ilikuwa mbovu. Kwa hiyo jana nilinakili ya Bakari kutoka hadithi yake ya kwanza. Mistari minane, neno kwa neno. Leo Mama Nekesa kafuta macho. "Mzee, hiyo mvua umeandika wewe?"
Nikasema ndiyo. Hakuna aliyenilazimisha.

Alhamisi, 17 Januari.
Wanaomba mvua irudiwe. Kila nikiisoma naona aibu. Bakari ndiye rafiki wa kweli niliyempata Nairobi. Akiyasikia haya kwa mtu mwingine, nimempoteza.

Jumamosi, 1 Machi.
Wakubwa walitia saini mapatano juzi. Barabara zina watu. Nimetembea hadi Makina na daftari, na kilo mbili za sukari.
Meza ya Bakari huko Toi iliungua. Yeye mzima, amekonda. Nilimweleza ninavyowasomea watu kwa Mama Nekesa, kisha akasoma yote bila kuinua kichwa.
"Binti yangu umemwoza bila posa? Tena kwa kondakta!"
Nikamsogezea sukari. "Posa ndiyo hii. Imechelewa njiani."
Alicheka hadi akakohoa. Bakari amempenda kondakta wangu, anataka kumtia kwenye hadithi yake ijayo. Nikamruhusu, kwa maringo kidogo.
Aliporudi kwenye mvua hakucheka. Akaweka kidole. "Hii ni yangu. Ilinichukua wiki mbili. Kawaambie."
Sikubisha. Zamda ningemwomba ningepewa, na maisha niliyompa nimeyatoa kichwani mwangu. Mvua niliiba.
Tulikunywa kahawa. Amenisindikiza hadi barabarani.

Jumapili, 2 Machi.
Nimewaambia kabla ya kufungua daftari. Mistari minane ni ya Bakari. Nilidanganya.
Mama Nekesa akajaza debe la makaa, kipande kwa kipande, hadi likajaa.
"Na pale bwana harusi anakalia keki?"
Hapo ni pangu, nikasema.
"Basi soma hapo."
Nikasoma.