Kadi ya Picha na Khanga ya Bibi

Soweto,
Mbeya.
14 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Junaid,

Shikamoo. Hali yako, na hali ya wote hapo Iringa? Goti lako limepata nafuu? Huku sisi ni wazima, ila baridi ya mwezi huu imemwelemea mama yako. Bibi haondoki jikoni, anaota moto asubuhi na jioni.

Kadi ya picha uliyoitoa kwenye kompyuta yako, ile inayochora picha za kwenye skrini, ilifika salama. Ahsante sana, Mjomba. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa ikiganda kila nilipojaribu kuuzungusha mchoro wangu wa daraja, lile la kuvukia kijito tunachopita kwenda shuleni. Mwalimu wa fizikia ameniruhusu kulionyesha kwenye maonyesho ya sayansi Ijumaa ijayo, lakini anataka lizunguke kwenye skrini lionekane pande zote.

Tulianza vibaya. Rafiki yangu Blandina alinimulikia tochi, nikaipachika kadi, nikawasha. Feni ilizunguka vizuri, skrini nyeusi tii! Tulifungua tena na kukagua kila kitu, kumbe waya wa skrini tumeuacha kwenye tundu la zamani. Blandina alicheka mpaka akakaa chini. “Injinia wetu huyo, mpisheni!”

Baada ya hapo picha ikaja, safi ajabu. Lakini kila jioni kompyuta ikawa inazimika yenyewe. Mama akaogopa itatuunguzia nyumba, akasema ikizimika tena nikurudishie kadi yako. Nilihuzunika, ila nilitaka kwanza kujua kwa nini mchana inakubali na jioni inakataa. Nilidhani jioni umeme unapungua, lakini taa hazikufifia hata kidogo.

Jumatano nilimkuta paka amejikunja chini ya meza, nyuma ya kasha la kompyuta, amelalia pindo la khanga ya Bibi iliyolifunika kasha. Niliishika khanga ile, ilikuwa ya moto. Mjomba, Bibi alikuwa akiyaziba matundu ya nyuma ya kutolea joto kila jua lilipozama!

Nilipomuuliza, hakuficha. “Mjukuu wangu, upepo si unaingia humo? Kwa baridi hii ya Mbeya, hata chuma kinataka kujifunika.”

Sikuweza kumwambia Bibi kwamba amekosea. Nilimwomba tu aweke mkono pale kwenye matundu. Aliurudisha upesi. “Mbona ina homa hii! Ondoa khanga, utaiua!”

Tangu siku hiyo haijazimika, na Mama amekubali kadi ibaki. Bibi naye amelihama jiko. Nikichora, huweka kigoda chake nyuma ya kasha na kuota joto pamoja na paka. Nami najiuliza, Mjomba: kwa nini kuchora picha tu kulete joto jingi hivyo? Ukilijua jibu, niandikie.

Jana Bibi alilitazama daraja likizunguka, kisha akasema, “Zuri. Na mzee kama mimi atashika wapi?” Nilikuwa nimesahau kabisa vyuma vya kushikilia. Nimeviweka pande zote mbili.

Nisalimie Mama Habibu, Habibu mwenyewe na dada Shufaa. Bibi anasema usiache kulikanda goti kwa maji ya moto. Ijumaa atakuja shuleni kuona daraja. Khanga atakuja nayo, lakini ameahidi atajifunika yeye.

Mwenyezi Mungu akuponye, uje ulivuke siku likijengwa.

Mpwa wako akupendaye,
Hanifa