Henia na Zamu ya Kubeba

Jumatatu, 3 Machi

Kitu kimetoka mara mbili kabla ya saa nne. Mara ya kwanza napogoa migomba, mara ya pili nimepiga chafya tu. Nikafanya kama kawaida. Nikalala chali juu ya majani makavu, magoti juu, nikasukuma taratibu kwa vidole. Kikanguruma, kikarudi ndani. Miaka miwili sasa. Kiko kwenye kinena, upande wa kulia, kikubwa kama yai la bata.

Ningependa sana kujua ni nini hasa. Kikirudi kinakaa wapi? Mke wangu Adela anasema niache kukiuliza kitu kisicho na mdomo, niende hospitali. Ni yeye peke yake anayejua.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Alama bado iko kwenye paji la uso na tayari nina hasira. Kwaresima imeanza vibaya.

Baada ya misa Venanti, mwenyekiti wa kikundi chetu cha ingobyi, alisoma majina ya watoro. Mimi wa kwanza. Zamu nne sijabeba. Kesi yangu itasikilizwa Jumapili ya tarehe 16. Nikishindwa nafutwa.

Kufutwa si mchezo. Gari halipandi kilima chetu, na mvua ikinyesha hata bodaboda wanagoma. Mgonjwa hushushwa kwa ingobyi, ile machela yetu ya kusuka, wanaume wanane wakipokezana wanne wanne. Maiti nayo hupandishwa hivyo hivyo. Asiye na kikundi hana mabega. Nikifa, Adela atanipandisha na nani?

Na kuwaambia sababu, siwezi. Hapa kwetu mwenye henia ni kichekesho cha kwenye pombe. Wanasema kwa mkewe amebaki kuwa mgeni. Mimi mwenyewe nilimcheka hivyo mzee mmoja, tena nikaongeza ya kwangu. Nilikuwa hodari wa maneno.

Ijumaa, 7 Machi

Ngara mjini, kwenye kituo wanachopasua mtu na kumrudisha kwake siku hiyo hiyo. Daktari ni binti, umri wa mtoto wetu wa pili. "Shikamoo, baba." Halafu akaniambia nishushe suruali. Marahaba sikumbuki niliitikia kabla au baada. Akabonyeza, akaniambia nikohoe, akatikisa kichwa kama fundi anayejua ubovu wa pikipiki kabla hajaifungua.

Ni utumbo. Ukuta wa tumbo umelegea, utumbo umepata mlango, unatoka kutembea. Nilifurahi kujua, kusema kweli. Nikauliza: ukiwa nje, chakula kinapita? Kinapita. Unajuaje njia ya kurudi? Akacheka. Akasema siku moja hautarudi. Utabanwa pale mlangoni, utaoza, na kutoka kilimani kwetu hadi hapa sitafika. Maswali yakaniisha.

Jumatano naingia asubuhi, jioni natoka. Tangu saa sita usiku nisile wala kunywa kitu. Nije na mtu mzima wa kunirudisha. Na baada ya hapo miezi mitatu nisibebe kizito. Miezi mitatu! Kesi ni siku nne baada ya kisu.

Jumapili, 9 Machi

Nina aibu. Niandike hivyo hivyo.

Walikuwa wanamshusha bibi mmoja wa kitongoji cha juu, kifua kimembana. Mvua tangu alfajiri, tope la kuteleza. Nikawasikia wanakuja wakiimba ule wimbo wa kupanga hatua. Nikajificha nyuma ya jiko. Venanti akasimama uani kwangu, akaniita kwa jina mara moja tu. Sikuitika. Niliwachungulia. Walikuwa saba, na mmoja alikuwa anachechemea.

Adela alitoka akawaambia sipo. Hakunitazama siku nzima. Jioni nikamwambia hata nikipasuliwa asimwambie mtu. Hakujibu. Mke asiyejibu namwogopa kuliko kisu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nimelala. Jana ndiyo ilikuwa siku. Niyaweke hapa kabla hayajapotea.

Nilifika na njaa, sijanywa hata maji. Wakanivika gauni la kijani lililo wazi nyuma. Sijui ni nani aliyebuni vazi hilo, ila hakuwa na adabu. Kitanda cha pili alikuwa baba mmoja kutoka Nyantakara, Biharamulo, mwenye henia kama yangu, ila ya kushoto. Tukaoneshana kwa macho tu. Nilifurahi kupita kiasi kumwona. Kumbe nilidhani niko peke yangu duniani.

Sindano ya mgongo. Iliuma kama nyuki mmoja, basi. Halafu miguu ikapata joto, ikaniaga. Nikaamuru kidole gumba kisogee. Kikakataa. Nikaamuru tena. Hapana. Mguu uko pale naona, lakini ni kama wa jirani. Jambo la ajabu kabisa, na halikunitisha. Nilitaka liendelee kidogo nilichunguze.

Waliweka pazia kifuani nisione. Lakini ile taa yao kubwa ya juu ina ukingo unaong'aa kama kioo, nami nina macho. Nikamwuliza daktari kama ni dhambi kutazama. Akasema, "Tazama tu, baba. Ukizimia si umeshalala?" Nikatazama. Niliona kitu cheupe chenye rangi ya waridi, kimelowa, kinang'aa, kinacheza kidogo chenyewe. Miaka hamsini na minne tunaishi pamoja, hatujawahi kukutana. Nilitaka kukisalimia. Akakirudisha ndani kwa kidole, taratibu, akatandika kipande cha wavu kama cha chandarua, akashona. Sikuhisi kitu, ila kuvutwavutwa kama mtu anayefungwa kamba za viatu.

Halafu sheria: hutoki mpaka ukojoe. Lazima waone mwili umeamka. Mimi na wa Nyantakara tukapewa chai, tukakaa tunangojea mkojo kama tunangojea basi. Yeye alianza. Wauguzi wakampigia makofi. Nilimwonea wivu. Mimi nikafuata saa kumi na nusu.

Gari tulilokodi likatuacha chini ya kilima. Mpango wetu ulikuwa kupanda pole pole na fimbo, mimi na Adela. Nashuka, nawaona wanaume wanane wamesimama na ingobyi. Venanti mbele. Adela alikuwa amempigia simu wakati niko ndani. Nilimkataza, hakunisikiliza. Nilitamani ardhi inimeze.

"Panda," Venanti akasema.

Nikamwambia daktari kasema kutembea ni dawa. Ni kweli alisema. Nikatangulia na fimbo yangu, wao nyuma na ingobyi tupu. Kila tulipopita watu waliweka majembe chini, wazee wakavua kofia, wakauliza aliyefariki ni nani. Venanti akawajibu wote, "Ndiye huyo anayetangulia." Hakucheka hata mara moja.

Katikati ya kilima mshono ukawaka moto. Nikakaa chini. Walinilaza ndani. Nimebeba miaka ishirini sikuwahi kujiuliza aliyelala humo anaona nini. Anaona mawingu yanayoyumba na shingo za watu zinazotoka jasho. Anasikia wanavyohema. Nililia kidogo, nikasingizia mshono.

Adela aliwaambia nimepasuliwa tu. Wapi, hakusema. Kaniachia mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Kukohoa ni adhabu. Nimeshika mto tumboni kama alivyonifundisha muuguzi. Nimefunua bandeji kidogo nikatazama. Adela kanipiga mkono.

Nasema au sisemi? Nikisema nimefanyiwa kidole tumbo, hakuna atakayejua. Kidole tumbo hakina aibu. Nimelijaribu neno hilo kimoyomoyo tangu asubuhi, linatoka vizuri mno.

Jumapili, 16 Machi

Nimesema.

Mkutano ulikuwa nje ya kanisa la kigango. Venanti akasoma shtaka, zamu zote, na ile ya bibi wa mvuani akaisoma mwisho. Bibi yule mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye benchi, amepona. Nilikuja na kidole tumbo mdomoni. Nikamwona yule bibi, kikanikwama.

Nikasema ni henia. Miaka miwili. Nikasema siku ya mvua nilikuwepo, nyuma ya jiko, nilisikia naitwa.

Mzee mmoja akasema, "Mficha uchi hazai," na mkutano mzima ukaangua kicheko. Nilicheka nao, mkono umeshika mshono. Iliuma vibaya. Vijana wakaanza utani wao, wote nilioujua, na mwingine mpya ambao ni mzuri kweli, siuandiki hapa.

Bibi hakucheka. Akaniambia, "Ungesema tu, mwanangu. Wangetafuta mwingine, yule mwenye mguu mbovu asingenibeba." Hilo ndilo lililoniuma kuliko utani wote.

Hawakunifuta. Mpaka mwezi wa sita sibebi, ila ikipigwa filimbi ya kuita wabebaji natoka kama wengine. Kutangulia mbele, kuondoa matawi na kupiga kelele penye utelezi, hilo naliweza. Venanti alisema uamuzi haraka haraka, macho yake chini kwenye karatasi.

Jumamosi, 29 Machi

Filimbi asubuhi. Mama mjamzito, wa kushushwa barabarani. Nilitoka na fimbo na panga dogo, nikatangulia. Asubuhi ilikuwa kavu. Wanane walikuwa nyuma yangu wanaimba.

Baada ya kona ya kwanza Venanti akaja kutembea kando yangu. Bega lake halikuwa na mti wa ingobyi. Tangu nimjue sijamwona mwanzo wa safari bila mti begani. Tukaenda hivyo kitambo, nakata tawi, yeye analitupa kando.

Halafu akauliza, akitazama mbele, yule daktari wa kike anaonana na watu siku gani.

Nikamwambia Ijumaa. Awahi asubuhi, foleni huwa ndefu. Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea kushuka.