Rangi za Bukhara

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Hapa Hail, Maskati, sote wazima, na mama yako hakosi kukutaja mezani.

Umeniuliza kama uache kuniandikia kwa Kiswahili, kwa kuwa wenzako chuoni wanakiita Kiarabu kilichovunjika. Nnakujibu kwa kisa kimoja.

Miaka ya tisini, mimi na mwalimu mwenzangu Zuwena tulizuru madrasa kongwe ya Bukhara. Zuwena, mzaliwa wa Maskati, ndiye niliyemtegemea kutufasiria kwa Kiarabu chake fasaha. Mlinzi wa pale, mama mtu mzima, hakumwelewa hata neno. Kisha akaugusa ukuta wa vigae vya buluu, akasema, "Rang!"

"Rangi!" nikaitika.

Akainua birika. "Choy?"

"Chai, ndiyo!"

Zuwena akanikodolea macho. "We Asya, lugha ya huku umejifunza lini?"

"Sikujifunza, bibi wee. Nimezaliwa nayo Unguja."

Tulicheka sote watatu, mwenyeji wetu pasi na kujua kwa nini.

Nadhani maneno hayo yalipitia Uajemi, yakashika njia mbili, moja ya kwao na moja ya kwetu. Lakini mimi nimesomea historia, si lugha, na huenda nnakosea. Nisiyoitilia shaka ni fahari niliyoisikia uani pale.

Basi niandikie kwa Kiswahili. Wenzako wakikuuliza tumeyatoa wapi maneno yetu, waambie bila ya kuona haya: mbali sana.

Bibi yako akupendaye,
Asya