Hayakuwa Maziwa ya Mombo

Kwako mwanangu Neema,

Jana uliponipigia simu kutoka Makete ulikuwa unatetemeka mpaka shikamoo yako ikatoka vipande viwili. Ukaniambia shule uliyopangiwa kufundisha ni nzuri, wanafunzi wana heshima, ila baridi ya huko haina adabu. Kisha ukasema kwa furaha, "Lakini nimepata dawa, baba. Nimenunua jiko la mkaa. Jioni naliwasha, naliingiza chumbani, nafunga kila kitu, nalala kama malkia."

Nikakwambia, "Mama, jiko usiingize ndani."

Ukacheka. "Baba nawe! Kwani Lushoto si tulikaa na jiko ndani? Mbona hatukufa?"

Nilikuwa nimesimama uani hapa Mwananyamala, fulana imelowa jasho, na bado nikasikia baridi. Hapo ndipo nilipotakiwa kukujibu. Nikasema, "Basi vaa soksi." Mzee mzima na mvi zangu, hicho ndicho kilichonitoka.

Leo asubuhi nimekupigia mara tisa. Ulipopokea ukasema, "Niko salama, baba, kichwa tu kinaniuma kidogo," kengele ikalia, ukakimbilia darasani. Simu umeizima mpaka saa za shule ziishe. Ndiyo maana naandika.

Ulikuwa na miaka tisa. Mie ndiye niliyetangaza kwamba likizo ya mwezi wa sita na sisi tutakwenda mapumziko milimani Lushoto kama watu. Nikanunua koti la mtumba, zito kama godoro, nikalivaa sebuleni kulijaribu. Mama yako akanizunguka mara moja. "Baba Neema, hilo koti ni la kike." Nikamwambia baridi haiangalii vifungo. Tukapita Ubungo alfajiri na kigari chetu, na kila tulipofika penye kibao cha barabarani ukauliza, "Baridi imeanza?" Mombo mama yako akanunua chupa ya maziwa mgando, ukayanywa karibu yote. Halafu zikaanza kona za mlimani. Bonde upande mmoja, ukungu mbele. "Baba," ukasema kutoka nyuma, "mbona unasali kwa sauti?"

Nyumba ya mbao unaikumbuka. Bibi Zaina, mwangalizi wa pale, alikuwa amewasha jiko barazani. Nikamwomba niliingize ndani. Akasema, "Hilo ni la nje, baba. Ndani mna mablanketi, na mengine nitawaongezea." Nikamjibu kwamba sisi wa Dar tumezaliwa na majiko, asitufundishe.

Ni kweli tumezaliwa nayo. Ila nyumba yetu unaijua: dirisha ni wavu tu, mlango unashinda wazi, ukipika kwenye korido moshi unakwenda kwa jirani. Tangu nizaliwe sikuwahi kufunga chumba kwa ajili ya baridi. Siku ile nikajifunza, na nikafanya kwa bidii ya mwanafunzi mpya. Mama yako alipokwenda jikoni kwa Bibi Zaina kufuata maji ya moto, nikaliingiza jiko. Nikafunga madirisha, nikaziba nyufa kwa magazeti, nikakunja khanga ya mama yako na kuisokomeza chini ya mlango. Ilikuwa saa kumi jioni. Tukaanza kucheza karata.

Ukasema, "Baba, kichwa."

Nikasema, "Ni baridi hiyo. Sogea karibu na jiko."

Maneno hayo nayasikia mpaka leo, Neema.

Ukasogea. Ukalala. Nikafurahi, nikaona mtoto amepata joto. Karata ikanidondoka, nikaitazama sakafuni nikaiona iko mbali kama Chalinze. Nikataka kusimama, miguu haikuja. Nikasikia mama yako anasukuma mlango. "Baba Neema, fungua! Mmeweka nini hapa?" Nilimsikia vizuri, na sikujali. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: sikujali. Nilijiona nimestarehe.

Akaupiga mlango kwa bega, khanga ikasogea, akapenya. Alikuburuta kwa makwapa mpaka kwenye majani ya nje. Mimi nilitoka kwa magoti. Ulikuwa kimya. Alikuita, alikupiga mgongoni, alikuita tena, na shingo yako ikaenda huku na huku kama ya kuku. Sikujua binadamu anaweza kuogopa kiasi kile na moyo ukaendelea kupiga.

Ndipo ukatapika. Maziwa. Ukalia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Mama yako akageuka. "Kala nini huyu?"

Nikasema, "Ni yale maziwa yako ya Mombo."

Maneno hayo nikayarudia zahanati mbele ya daktari. Tuliporudi, Bibi Zaina akanivuta pembeni. "Siyo maziwa, baba. Ni jiko lile." Nikamwomba anisitiri. Akanisitiri, lakini tangu hapo hakuniita baba tena.

Mama yako hajanunua maziwa mgando mpaka leo. Mkila chochote njiani anaanza, "Mimi nilitaka kumuua mtoto kwa chupa moja." Na nyie mnacheka, nami nacheka. Nimeucheka uongo wangu miaka yote hii, sasa ndio unaokufanya ujifungie na jiko.

Nimemwambia saa moja iliyopita. Nilitegemea anipige. Aliweka ungo wa mchele chini, akasema, "Ya kwangu na wewe baadaye. Kwanza mwandikie mtoto." Yuko hapa pembeni yangu, anasoma kila mstari, ananikazania nisijipendelee.

Barua hii naipiga picha na kukutumia sasa hivi, uikute ukiwasha simu, kabla hujawasha mkaa. Jiko liache nje, mama, hata kama ni siku moja tu, hata kama umefungua dirisha kidogo. Jilundikie nguo zote ulizonazo. Lile koti la kike bado lipo, kesho asubuhi nalipeleka kwenye basi.

Ukimaliza kusoma piga. Simu tumeiweka mezani, mama yako upande wake nami upande wangu, na hakuna anayeinuka.

Ni mimi baba yako,
niliyesingizia maziwa.