Mbwa Mwenye Babu Wanaojulikana

Biharamulo Mjini,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Mama yangu mpendwa Ildefonsa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limetulia tangu uache kulima kule bondeni, kama kweli umeacha, maana nakufahamu. Anatoli na mkewe hawajambo? Maharage yameitika mvua, au ni yale yale ya mwaka jana, majani tele na maganda matupu? Mimi huku ni mzima. Cherehani inanipa riziki, wateja wapo, na kile kikohozi kilichokutia hofu kimekwisha kabisa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, simu yako unaisikiliza kwa sauti ya juu, umeishika mbali nawe kama kijinga cha moto, na jumuiya nzima inasikia. Jambo la leo nataka ulisome peke yako kwanza, umevaa miwani. Nimempa Eustakia, ambaye anakwenda Nyamiaga kumwona dada yake, akufikishie mkononi. Linahusu harusi yangu na Jovitus, ambayo huenda ikawepo na huenda isiwepo, na Jumamosi ijayo ndiyo tutajua. Usishtuke kabla hujamaliza kusoma. Nitakueleza tangu mwanzo, na mwanzo wake, usinicheke, ni mtoto wa mbwa.

Unajua Jovitus amekwisha kuezeka nyumba yake, ile iliyo nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Tangu wezi waruke ukuta wakabeba nondo, anasema hawezi kuingiza mke katika nyumba isiyo na mbwa. Wala si mbwa yeyote tu. Anataka mbwa wa kizungu, jemani shepadi wa damu safi. Hapa mjini yuko Dafroza, mwenye duka la dawa za mifugo karibu na stendi, ambaye siku hizi analeta watoto wa mbwa kutoka Mwanza na kuwauza. Jovitus akasema uamuzi wa kununua au kutonunua ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeshinda na huyo mbwa. Nikamwambia kwetu Mabawe hatununui mbwa. Unakwenda kwa jirani ambaye mbwa wake amezaa, umebeba kuku au mkungu wa ndizi, unaomba, unapewa, na mbwa anakula viazi kama wenye nyumba. Akacheka, akasema mbwa wa kuombwa kila siku anarudi kumlinda aliyemtoa. Hapo kidogo alinipata, maana hata wa kwetu walikuwa wakifanya hivyo.

Basi Alhamisi tukaenda dukani, mimi, Jovitus, na mama yake, Mama Rozalia, aliyekuwa amekuja kutoka Kaniha kuleta mihogo. Dafroza akatufungulia wavu, akamtoa wa kwanza, mnene, masikio bado yamelala, miguu mikubwa kana kwamba ameiazima kwa mwingine. Akaanza kumsifu. Baba yake yuko Arusha, analinda nyumba ya wakubwa. Babu yake mzaa baba alikuja kwa ndege kutoka Ujerumani. Bibi yake alishinda mashindano. Mama Rozalia akauliza anakula nini. Dafroza akasema nyama, wali, na dagaa waliotolewa vichwa, ugali mtupu utamwumiza tumbo. Mama Rozalia akauliza sasa hapo nani atakuwa anamlinda mwenzake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na siku ile nilimpenda mama yule zaidi ya siku zote.

Halafu Dafroza akamtoa wa pili, mwembamba, mwenye doa jeupe kifuani. Akasema huyu ni chotara. Mama yake ni shepadi halisi, lakini baba hajulikani, aliruka ukuta usiku akafanya yake akaenda zake. Akasema bei yake ni ya chini, na kwa ukweli wa moyo wake chotara huwa hawaugui ovyo kama hao wenye babu wa ndege. Jovitus akamtazama, akanigeukia nichague.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Rozalia akakataa. Alisema kitu unachokiweka mlangoni pako lazima ujue kimetoka wapi, kwa kuwa damu usiyoijua huja kujionyesha siku umelala. Kisha akaniwekea mkono begani, akasema hata kwangu walifanya hivyo hivyo. Walituma watu mpaka Mabawe kuuliza, wakarudi wakasema huyu ni wa Ildefonsa, nyumba inayojulikana, na tangu siku hiyo yeye analala usingizi mzuri. Aliyasema kwa upendo, Mama. Angeyasema kwa dharau ningemjibu pale pale, mdomo wangu unaujua. Kwa kuwa aliyasema kwa upendo, yalinichoma nikakosa pa kuyaweka. Nikamwambia Jovitus nipe muda nifikiri. Alidhani nawaza habari ya nyama.

Nilikuwa nawaza maneno yako ya Krismasi, pale jikoni, tulipokuwa tunachambua mchele. Uliniambia kwamba hukunizaa. Aliyenizaa ni Niragira, mwanamke wa Burundi, mkimbizi, aliyekuwa akitoka kambini kuja kukulimia apate chakula. Alijifungulia katika chumba chako cha nyuma, na homa ikamchukua kabla kitovu changu hakijadondoka. Ukamzika nyuma ya mibuni, ukanibatiza Teddy, ukaninyonyesha pamoja na Anatoli, huyu ziwa hili na mimi ziwa lile. Ukanionya nisimwambie mtu yeyote mpaka nizae mtoto wangu wa kwanza, kwa kuwa mtoto akishakuwepo, hakuna atakayenirudisha.

Tangu siku ile mambo mengi ya utoto wangu yamejipanga upya. Nimeelewa kwa nini mbwa wetu wa zamani ulimpa jina la Yatawashinda. Kila jioni nilikuwa nasimama njiani nikimwita kwa sauti yangu yote mbele ya nyumba ya Mama Magdalena, kumbe nilikuwa tarishi wako, nawafikishia majirani jibu la maneno yao juu yangu. Na majirani hao hao, watu wa Jovitus walipokuja kuuliza, walikusitiri. Nimewaheshimu sana kwa hilo. Wewe nakushukuru kwa namna ambayo nikianza kuiandika nitalowesha karatasi, kwa hiyo siianzi.

Lakini Mama, kunyamaza nimeshindwa. Nilijaribu. Kila nilipojiona nimeketi sebuleni kwa Jovitus, Mama Rozalia ananisifia nyumba yangu inayojulikana, na mimi natabasamu, nilijisikia mwizi. Zaidi ya hapo, huyo Niragira sina aibu naye. Mtu aliyelima shamba la wenzake na mimba ya mwisho mwisho ili mimi nipate kuishi, nimwonee aibu kwa lipi? Nikimficha mpaka nizae, nitakuwa nimemwambia mwanangu kwamba bibi yake alikuwa kosa fulani lililosubiri kusamehewa. Hilo sitalifanya.

Kwa hiyo ulilonikataza nimelifanya. Nimesema.

Nilianza na Jovitus, Ijumaa, kule dukani kwake katikati ya mabati. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mkono, akasema kwake yeye mimi ni yule yule, ila tumfiche mama yake mpaka ndoa ipite. Yaani neno lako lile lile. Ninyi wawili mngekaa pamoja mngeelewana sana. Nikamwambia kwamba siwezi kwenda altareni nikiwa nimejificha nyuma ya shela. Kama anaogopa kumwambia, nitamwambia mimi. Akaniomba nisubiri. Nikakataa.

Jana asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Kaniha, peke yangu. Nilimkuta Mama Rozalia anaanika mihogo. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, jina la Niragira, kambi, homa, kaburi, kila kitu, kwa hofu kwamba nikikaa nitakosa nguvu ya kuendelea. Aliendelea kugeuza mihogo yake mmoja mmoja. Nilipomaliza aliniuliza kwa nini nimemwambia wakati hakuna aliyeniuliza. Nikamjibu kwamba aliuliza. Aliuliza kwa Dafroza, aliposema lazima ujue kitu kimetoka wapi, na mbwa akajibiwa na mwenye duka, mimi nikabaki na jibu langu mdomoni.

Aliinuka akaingia ndani. Nikajua yamekwisha, nikaanza kutafuta viatu nilivyovivua kando ya mkeka wake. Akatoka amebeba kitenge kipya, bado kimefungwa kwenye karatasi ya dukani. Akasema huu ndio mkaja alioununua, wa kumshukuru mama wa bibi harusi kwa kujifunga tumbo baada ya kumzaa. Akaniuliza sasa ampe nani. Wala hakungoja nimjibu. Akasema habari nzito kama hii haipokei kutoka kwa binti. Atakuja Mabawe Jumamosi pamoja na shemeji yake, aisikie kwa aliyenilea, na kitenge atakuja nacho. Kama kitabaki Mabawe au kitarudi naye Kaniha, ataamua huko huko. Hakunisindikiza, wala hakunifukuza. Nilirudi nimechoka, lakini usiku nililala.

Habari ya mbwa usidhani nimeisahau. Leo kanisani Jovitus, mwenye macho mekundu, ameniuliza tena tufanyeje. Nimemwambia amnunue yule wa kwanza, mwenye babu wa ndege. Alinikodolea macho, alikuwa na hakika nitamtetea chotara. Nikamweleza kwamba chotara tayari Dafroza mwenyewe anampenda, atapata wa kumchukua, na yule mnene, kujulikana kwa wazee wake si kosa lake. Sitaki mtu adhani nawachukia wenye babu. Harusi ikiwepo, ugali nitamfundisha kula mimi. Isipokuwepo, nondo bado zinahitaji mlinzi.

Sasa Mama, nina ombi, na safari hii sikubembelezi. Jumamosi usikanushe. Usimwambie Mama Rozalia kwamba nimechanganyikiwa au kwamba nimedanganywa na watu wa mjini. Mpeleke nyuma ya mibuni, mwonyeshe alipolala Niragira, na jina lake ulitaje kwa sauti yako ya kawaida. Akitoa kile kitenge na kukuuliza mkaja ni wa nani, usinyooshe mkono. Mwambie ni wa Niragira, yeye ndiye aliyejifunga tumbo kwa ajili yangu, na sisi wawili tutajua pa kumwekea.

Ukishasema hivyo, mwambie kuna kitu amesahau kuleta. Mdai mbeleko. Mdai mbele ya shemeji yake na Anatoli akisikia, wala usione haya, maana mgongo ulionibeba ni wako. Asiyekubali kuwashukuru mama zangu wote wawili hatanioa, hata awe Jovitus, na jinsi ninavyompenda Jovitus unajua. Nimelia kwa ajili yake tangu jana na huenda nikalia tena, lakini msimamo wangu ndio huo.

Nitafika Ijumaa jioni na mchele na mafuta ya kupikia. Tutampokea Mama Rozalia vizuri, aje kwa heri au aje kwa kuvunja. Usihangaike kufagia uwanja wote kwa goti hilo, niachie mimi.

Nisalimie Anatoli na mkewe, na watoto wao wote, na Mama Magdalena umpe salamu zangu za pekee. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,

Teddy wa Niragira na Ildefonsa.