Nyota Alipoachia Kamba

Jumatatu, 12 Mei
Malimao kumi, kamba mbili, shuka langu la zamani la maua. Kiwanja kimefagiliwa. Watoto kumi na wawili wa miaka mitano, kila mmoja na kiti alichobeba kutoka kwao. Somo la kusaidiana, wiki ya pili. Kwanza tunaimba "kidole kimoja hakivunji chawa", kisha tunavuta. Malimao yako juu ya shuka, kamba zimefungwa kwenye pembe mbili za mbele, sita huku, sita kule. Shuka lifike kwenye mstari na malimao yake. Kama wavuvi wa Zongwe wanavyovuta wavu ufukweni mwa ziwa.

Niliahidi biskuti kwa kundi litakalofika kwanza. Shuka likaenda upande, malimao yote chini. Watoto nao chini, wanapigana. Nyota aliachia kamba katikati, kama wiki iliyopita. Nimemkalisha aangalie ukuta. Mkaidi huyu.

Jumanne, 13 Mei
Mama Elia amekuja kunionyesha goti la mtoto wake. Limechubuka kweli. Mama Direktrisi, mkubwa wetu wa shule, akaniita ofisini, kwenye biro yake. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo linaloniuma. Ijumaa ataangalia mwenyewe. Wakipigana tena, saa ya kiwanjani imekwisha. Watoto watafuatisha herufi mpaka mwaka wa shule uishe.

Nina hasira. Kuna watoto darasani ambao nawasikia wakicheka saa ile tu.

Jumatano, 14 Mei
Bila biskuti. Malimao sita yamemwagika hata hivyo. Nyota tena. Yuko mbele kwenye kamba ya kulia, anavuta vizuri kuliko wote, halafu anasimama wima. Wenzake wanamgonga mgongoni. Nikamwuliza kwa ukali kama anacheza.

"Hapana, Mama. Niko nangojea bale wengine."

Nikamjibu kwamba wale wengine wana mikono yao. Jibu la kijinga. Nililijua nikiwa bado nalisema.

Alhamisi, 15 Mei
Asubuhi nilimngojea langoni bibi yake Nyota. Mtoto anamwita Tate, nami nikamwita hivyo. Mwanamke mfupi, mzaliwa wa Zongwe, amevuta wavu tangu usichana wake. Nikamweleza mchezo wangu. Nilipofika kwenye biskuti alicheka mpaka akatua beseni lake la samaki.

"Wavu iko na mikono mbili, Mama. Mukono moja ikikimbia, samaki yote inatoka. Njo maana tunasimama, tunangojea benzetu."

Kumbe makundi hayashindani. Yanaanza yakiwa mbali, yanavuta yakikaribiana mpaka yakutane, na wa mbele ndiye anayeangalia upande wa pili. Mimi ni mtoto wa reli, baba alikuwa fundi wa stesheni. Wavu naujua ukiwa umeanikwa. Miaka kumi na tisa nafundisha, na nimemwadhibu mtoto kwa kulielewa somo langu kabla yangu. Wimbo wa chawa tuliuimba wote. Yeye ndiye aliyeuamini. Aibu niliyoisikia sina pa kuiweka.

Nilimwomba Nyota msamaha mbele ya wenzake. Akakubali kwa kichwa, kisha akauliza kama leo pia atakaa ukutani. Nikampa kamba, nikamwambia afundishe yeye. Alifundisha kwa maneno machache kuliko yangu: aliwashika mabega, akawageuza waangaliane. Yamebaki malimao saba. Ningekuwa na akili ile nikiwa na miaka mitano, leo ningekuwa waziri.

Ijumaa, 16 Mei
Mama Direktrisi mlangoni, mikono kifuani.

Wakaanza vizuri. Katikati ya kiwanja ndala za Elia zikamtoka. Akaachia kamba, akainama. Kundi lake likasimama. Nikataka kupiga kelele "vuta", nikauma ulimi. Nyota alikuwa kundi la pili, akasimama. Wale watano nyuma yake wakasimama pia, na hakuna aliyemgonga mwenzake. Elia alikosea miguu, akavua, akavaa upya. Watoto kumi na mmoja wakamngojea, kimya kabisa. Sijawahi kuwaona kimya namna ile, hata kwenye sala.

Halafu wakavuta. Wakakutana mstarini bega kwa bega. Malimao tisa.

Mama Direktrisi aliuliza nani aliwaamuru wasimame. Nikamwambia hakuna. Akarudi kwenye biro yake. Mimi nikajificha nyuma ya darasa, nikalia kidogo. Nawapenda watoto hawa. Shuka nimelifua, nimelianika palepale shuleni.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekwenda kuchukua shuka. Limekauka. Lina tundu pembeni na wekundu wa udongo ambao hautatoka.

Mama Direktrisi alikuwa anafunga biro. Akaja bila kuitwa, akashika pembe mbili, mimi mbili. Tukalinyoosha. Tulipoanza kusogeleana, kitenge changu kikalegea, nikasimama kukifunga. Naye akasimama, akangoja, pembe zake mkononi. Kisha tukaendelea mpaka tukakutana, nikampa zangu.

Akalikunja vizuri, akanikabidhi. Akasema kwake malimao yanaoza chini ya mti, Jumatatu atatuletea kumi kiwanjani.