Safu Tupu ya Jumatano

Kaka Kioko,

Dawati la mwisho la Mwalimu Atieno limekauka vanishi. Amesema Wafula, fundi wako, leo Ijumaa saa tatu asubuhi, baada ya kuligusa kwa kidole gumba na kukinusa kidole chenyewe. Madawati ni thelathini. Yamepangwa mbele ya karakana yako hapa Kawangware 56, na wanaokwenda hadiwea, lile duka la vifaa vya ujenzi, wanalazimika kuyazunguka. Ungefurahi. Ulikuwa ukisema kazi inayozuia watu njia haihitaji tangazo.

Nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda chako, kile chenye mguu mmoja mfupi. Miaka yote hiyo ukitengenezea watu viti, na chako hukukigusa. Wafula alitaka kukirekebisha juzi. Nimemkataza.

Nikueleze mambo yalivyokwenda.

Tulikuzika Machakos Jumamosi. Jumatatu mkeo Mwikali akafungua karakana. Kazi zilikuwepo, mbao zilikuwepo, Wafula alikuwepo na randa yake. Kilichokosekana ni mtu wa kujua ipi inatangulia. Bango lako la plaiwudi liko pale pale nyuma ya mlango: safu sita za misumari, Jumatatu hadi Jumamosi, na vifuniko vya soda ulivyovitoboa na kuvitundika, kila kifuniko kazi moja. Wewe ulivijua vyote. Wafula alijua vyake tu, vile vyekundu.

Mwalimu Atieno akaja kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo kuulizia madawati ya shule yake ya chekechea. Hakuna aliyeweza kumpa tarehe. Alisema kwa upole kwamba watoto wake wamekaa chini muhula mzima, na kama hatapata tarehe atatafuta fundi mwingine Ngong Road. Alipoondoka, Wafula akamwambia Mwikali kwamba kazi hiyo ikienda, na yeye anarudi kwao Bungoma. Unajua maana yake. Bila Wafula hakuna karakana, kuna kibanda chenye misumari.

Mwikali akanipigia simu. "Nduku, wewe kazi yako ni tarehe. Njoo utupangie."

Nilikuja na kompyuta. Kuna programu ya bure ya kupanga kazi ambayo tunaitumia gazetini, kwenye chumba cha habari. Nilidhani itanichukua saa moja. Asubuhi yote iliishia kwenye barua pepe ya Mwikali, kwa sababu alikuwa amesahau nenosiri lake. Mchana ndipo tukaanza. Unaandika kazi moja moja: kupasua mbao, kupiga randa, kuunganisha, kupiga msasa, vanishi. Kila moja unaipa siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na mtu wa kuifanya. Kisha programu inakuuliza ipi haiwezi kuanza kabla nyingine haijaisha.

Hapo nilisimama kidogo. Nilikumbuka chumba chetu cha kwanza hapa Kawangware, mimi nimetoka nyumbani na begi moja, wewe ukiwa bado kibarua. Jiko lilikuwa moja, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ilichukua nusu siku kuiva, na mimi nataka chai. Ulikaa juu ya ndoo, penseli sikioni, ukaniuliza, "Jiko ni moja, Nduku. Nini kinangoja nini?" Uliniuliza hivyo kila Jumapili mpaka nikaanza kuipanga siku kabla ya kuwasha mkaa. Magazeti niliyoyafanyia kazi baadaye hayakunifundisha zaidi ya hapo.

Wafula aliipokea programu kwa mashaka. Tulipofika kwenye vanishi kukauka, nilimuuliza niandike nani. Akasema, "Andika Jua. Mimi nikishapaka, kazi ni yake." Programu ilitaka barua pepe ya kila mfanyakazi. Wafula akamgeukia Mwikali. "Shemeji, unaona? Huyu Jua amefanya kazi hapa kuliko sisi wote na hana hata imeili." Mwikali alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Sasa nikuambie kosa langu. Kwenye bango lako safu ya Jumatano haikuwa na kitu. Niliona ni uzembe. Niliijaza Jumatano zote, na programu ikanionyesha kwamba madawati yatakwisha siku tano kabla ya shule kufunguliwa. Nilimpa Mwalimu Atieno tarehe hiyo kwa simu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Wiki ya pili, Jumanne jioni, alikuja mwanamume kutoka Kibera. Mama yake alikuwa amefariki, na mwili ungesafirishwa Siaya Alhamisi. Alihitaji jeneza. Wafula hakuitazama ratiba kwenye simu yake. Aliweka chini miguu ya dawati aliyokuwa akiipiga msasa, akaanza kuchagua mbao za saipresi.

Nilimfuata nyuma ya karakana. Nikamwuliza kama hatuwezi kumwelekeza yule mtu kwingine, maana nilipoliingiza jeneza, kazi zote zilizofuata zilibadilika rangi nyekundu, ya kuchelewa, kwenye kompyuta yangu.

"Dada," akasema, "hiyo maneno huwezi kuambia mtu. Na Jumatano ndiyo siku yake."

"Siku ya nani?"

"Ya jeneza. Watu wanazika Jumamosi. Mwili unatoka hapa Alhamisi au Ijumaa. Jeneza lazima lishikwe Jumatano. Kwani Kioko hakukuambia?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

"Ulisema mashine inajua."

Kaka, nimeuliza watu maswali kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewauliza madiwani, polisi, watu waliounguliwa na nyumba. Wewe nilikuuliza mara moja tu, tukitoka Soko la Toi na mfuko wako wa bawaba kuukuu. Nilikutania: kila Jumatano huna nafasi, una bibi mwingine? Ukajibu, "Jumatano nina mgeni." Nikacheka. Sikuuliza swali la pili.

Na kuna jambo ninaloliandika polepole. Ulifariki Jumatatu asubuhi. Jeneza lako Wafula alilitengeneza Jumatano. Nilikuwa hapo, nimemshikia ncha ya ubao, mkono mwingine una simu ya kupokea pole. Siku hiyo hakuna mteja aliyerudishwa nyumbani. Hakuna kitanda kilichochelewa. Kwenye bango hapakuwa na kifuniko cha kusogeza. Nafasi ilikuwepo, uliiacha wewe mwenyewe, kama ulivyowaachia wengine, na sisi tuliitumia bila kuiona.

Baada ya yule mtu wa Siaya nilimpigia Mwalimu Atieno. Nikamwambia tarehe niliyompa haikuwa sahihi, kosa ni langu, na sababu ni jeneza. Akasema, "Hata la baba yangu, Kioko alilifanya Jumatano. Nipeni tarehe ya kweli, nitangoja."

Nikaifungua programu upya. Kuna mahali pa kuweka kazi inayojirudia kila wiki. Niliiweka Jumatano, siku nzima, bila tarehe ya mwisho. Ikaniuliza jina la kazi. Nikaandika Mgeni. Madawati yakasogea mbele, yakaishia leo, siku tatu tu kabla ya shule. Ile nyekundu ikaondoka.

Bango halitaondolewa. Mwikali analifuta vumbi kila asubuhi, kisha anafungua simu. Wafula bado anatundika vifuniko vyake vyekundu, anasema simu ikizima chaji msumari hauzimi. Amebaki. Hataji tena kurudi Bungoma.

Kwaheri, Kaka. Ninachokuahidi ni kidogo, nacho nitakiweka: kazi ikiwa nyingi namna gani, safu ile sitaijaza.

Jumatatu saa moja asubuhi madawati yanapakiwa, saa mbili yawe Kisumu Ndogo. Jumanne Wafula anaanza kabati la jirani. Jumatano hakuna kitu.

Dadako,
Nduku